Sindano ya mbuzi, mbu wa Kwale na dundu anayefuata nyota

Nina duka la dawa za mifugo Kaloleni, huku kwetu Kilifi bara. Nauza dawa za minyoo, dawa za kuogeshea, mbegu za mahindi, madini ya kulamba, na siku za soko nauza maneno kuliko bidhaa. Watu huniita daktari. Nina diploma ya afya ya mifugo tu, lakini nimechoka kuwarekebisha. Wazee ndio hawana shida hiyo, wao huniita mwanangu na mambo yanaendelea.

Chupa isiyokauka kwenye rafu yangu ni ivermektini ya sindano, ya asilimia moja. Aliye na mbuzi mwenye masikio yaliyobabuka kwa upele huondoka nayo, na mwenye ndama anayekonda huku tumbo limefura naye huondoka nayo. Basi Julai 2025 dawa hiyohiyo, safari hii ya vidonge, ikatokea kwenye New England Journal of Medicine, jarida ambalo madaktari wa binadamu hulitaja kwa sauti ya heshima, kwa kazi iliyofanyika Kwale, jirani zetu wa upande wa pili wa Mombasa. Tangu hapo sijapumua. Kila aliyesikia habari nusu huja kuimalizia dukani kwangu.

"Daktari, ati tukijidunga dawa ya mbuzi mbu wanakufa?"

Nusu yake ni kweli na nusu yake ni balaa. Naandika haya ili nikiulizwa tena niwe namtumia mtu kiungo na kuendelea kupima mbegu.

Dawa yenyewe ilitoka kwenye udongo. Satoshi Ōmura wa Taasisi ya Kitasato, Tokyo, alikuwa na tabia ya kutembea na vifuko vya plastiki na kuchota udongo kila anakopita. Udongo mmoja wa miaka ya 1970 aliutoa Kawana, mkoa wa Shizuoka, karibu na uwanja wa gofu. Ndani yake mlikuwa na bakteria anayeitwa Streptomyces avermitilis. Sampuli ikavuka bahari mpaka maabara ya kampuni ya dawa ya Merck huko New Jersey, Marekani, William Campbell na wenzake wakawapa panya wenye minyoo, minyoo ikaisha. Ile kemikali ikarekebishwa kidogo, ikaitwa ivermektini, na mwaka 1981 ikaingia sokoni kwa ajili ya mifugo. Watu walikuja baadaye, 1987, kwa ugonjwa wa upofu wa mtoni, ule unaoenezwa na inzi weusi wadogo wa kando ya mito yenye maji ya kasi. Merck wakaahidi kuitoa bure kwa kiasi chochote kitakachohitajika, kwa muda wowote utakaohitajika. Ōmura na Campbell walipewa tuzo ya Nobel mwaka 2015, wakagawana na Tu Youyou wa China aliyeipata artemisini, dawa iliyo ndani ya vile vidonge vya malaria tunavyopewa hospitalini. Mwaka ule minyoo ilikuwa upande mmoja wa tuzo na malaria upande mwingine. Miaka kumi baadaye pande hizo mbili zimekutana Kwale.

Namna inavyoua ndiyo inayonifurahisha zaidi. Neva na misuli ya minyoo, chawa, utitiri wa upele na mbu ina vijilango vinavyofunguka kwa glutameti, kemikali ya kupelekea ujumbe wa neva, ili kupitisha kloridi, ile iliyomo kwenye chumvi. Ivermektini huvishikilia wazi. Kloridi humiminika ndani, neva hunyamaza, mdudu anapooza, hali wala hatembei. Sisi wenye uti wa mgongo hatuna vijilango vya aina hiyo. Tuna vingine vya ukoo wa karibu kwenye ubongo, ila ubongo umezungushiwa ukuta, na kwenye ukuta huo kuna pampu inayoirudisha dawa kwenye damu kabla haijaleta madhara. Mbwa wengi wa aina ya collie huzaliwa na pampu mbovu. Wakipewa dozi kubwa huyumba, hutetemeka, hupoteza fahamu, na wengine hufa. Kobe nao hawaiwezi kabisa. Mtu wa hoteli aliwahi kunijia akitaka dawa ya minyoo ya kobe wake wa bustanini, nikamwambia chukua chochote humu dukani isipokuwa hii.

Mbuzi ndiye mteja wake mzuri. Nambana katikati ya magoti, navuta ngozi nyuma ya bega mpaka inaachana na nyama, sindano naiingiza kwenye uwazi huo. Mbuzi wa kilo 25 anapata nusu mililita. Hulia kelele zinazowatoa watoto majumbani, na halii sindano, analia dawa, kwa sababu kimiminika kinachoibeba ni kizito na kinachoma. Kisha nasugua pale kwa kidole gumba mpaka kile kiuvimbe kisambae. Baada ya wiki mbili narudi kumdunga tena, maana mayai ya utitiri hayafi kwa sindano ya kwanza. Kufikia hapo magamba ya masikio huwa yameanza kubanduka na ngozi ya chini imekuwa laini, ya waridi, na vinyweleo vimeanza kuchungulia. Mwenye mbuzi akiona hayo halipi deni lake haraka zaidi, lakini angalau hunisalimia vizuri.

Kilichofanyika Kwale ni dawa ileile kwa hesabu nyingine. Mtu anameza, mbu ndiye anayelipa. Mbu jike akimuuma aliyemeza huivuta dawa pamoja na damu. Wengi hufa ndani ya siku chache, na wanaopona hudhoofika na kutaga mayai machache. Siku hizo chache ndizo zenye thamani. Kimelea cha malaria kikiingia tumboni mwa mbu hakiwezi kumwambukiza mtu kesho yake. Kinahitaji kati ya siku kumi na wiki mbili hivi, kikue, kitoboe ukuta wa tumbo, kisafiri mpaka kwenye tezi za mate. Mbu wengi hawafiki umri huo hata bila dawa. Wanaotuambukiza ni vikongwe. Kwa hiyo dawa haihitaji kumwangusha mbu papo hapo. Ikimpunguzia wiki moja ya maisha, malaria ya mbu huyo imeishia tumboni mwake.

Mwaka 2018 watafiti waliokuwa Kisumu walichapisha matokeo ya wagonjwa wa malaria waliopewa ivermektini kwa dozi kubwa siku tatu mfululizo, pamoja na dawa zao za kawaida. Damu yao ilipolishwa mbu maabarani, mbu walikuwa bado wanakufa hata wiki nne baadaye. Ndiyo sababu watu walijipa moyo wa kujaribu vijijini. Sababu nyingine tunaijua wote: vyandarua vinafanya kazi, lakini mbu wengi wameizoea dawa iliyotiwa humo, na wengine wanauma jioni tukiwa bado tumeketi uani, au alfajiri tukishaamka kwenda kukamua. Chandarua hakikufuati jikoni. Damu yako hukufuata kila mahali.

Utafiti wenyewe uliitwa BOHEMIA. Uliongozwa na ISGlobal, taasisi ya utafiti wa afya ya Barcelona, kwa fedha za shirika la afya la kimataifa la Unitaid, na kwa upande wa Kenya ulifanywa na mpango wa KEMRI-Wellcome, wale wenye makao mjini Kilifi. Makazi ya watu yaligawanywa mafungu 84. Mafungu mengine yalipewa ivermektini, mengine albendazoli, ile dawa ya minyoo ambayo kila mtoto wa shule ya msingi ameshaitafuna. Walimeza mara moja kwa mwezi kwa miezi mitatu, mvua za vuli zinapoanza. Dozi ilikuwa mikrogramu 400 kwa kila kilo ya mwili. Mtu wa kilo 60 hapo ni miligramu 24, yaani vidonge vinane vya miligramu tatu tatu, na kwa mtu asiyependa vidonge hicho ni kisa cha jioni nzima. Wajawazito hawakupewa, wala watoto walio chini ya kilo 15. Kisha wakawafuatilia watoto wa miaka 5 hadi 15 na kuwapima damu.

Maambukizi ya malaria kwenye mafungu ya ivermektini yalikuwa pungufu kwa asilimia 26 kuliko kwenye mafungu ya albendazoli. Hiyo ni juu ya faida ya vyandarua vilivyokuwapo tayari. Madhara makubwa ya dawa hayakuonekana.

Hapa ndipo wateja wangu huvunjika moyo. "Ishirini na sita tu?" Mama mmoja aliniuliza kwa uso wa mtu aliyepimiwa nyama yenye mfupa mtupu. Mimi namba hiyo nimeipenda. Kazi yangu imejaa mabango ya dawa zinazomaliza kupe, minyoo, ugonjwa wa kiwele na umaskini kwa pamoja, kwa hiyo namba ndogo iliyopimwa kwa jasho hunipa imani kuliko namba kubwa iliyochapwa kwa rangi nyekundu. Robo ya maambukizi kutotokea, kwenye kata moja tu, ni watoto wangapi ambao hawakukosa shule, na ni mama wangapi ambao hawakulala kwenye benchi la zahanati? Hesabu hiyo kila mtu aifanye kwa kijiji chake.

Ila kuna jambo moja watu huliruka, na ndilo kiini cha yote. Aliyemeza vidonge hakingwi. Mbu mwenye vimelea akimuuma humwachia vimelea vilevile, halafu ndiyo anakwenda kufa. Anayenufaika ni yule ambaye mbu huyo angemuuma wiki ijayo, pengine mtoto wa jirani mwenye kilo kumi na mbili ambaye hakupewa hata nusu kidonge. Kwa hiyo mtu anayetaka kujinunulia ivermektini ameze peke yake nyumbani ajikinge na malaria, anajisumbua. Ama mnameza kijiji kizima, kwa wakati mmoja, ama hamna kitu.

Na hata mkimeza wote, si kila mahali imejibu. Visiwa vya Bijagós, Guinea-Bissau, walipewa ivermektini juu ya dawa nyingine ya malaria iliyogawiwa kwa wote, na matokeo yaliyotoka 2024 hayakuonyesha faida ya ziada. Mopeia, huko Msumbiji, ilikuwa sehemu ya pili ya BOHEMIA. Kimbunga Gombe kikawapiga Machi 2022, kipindupindu kikafuata, na utafiti ukavurugika. Hata hivyo Mopeia kulikuwa na habari nyingine: upele na chawa wa kichwani vilipungua, na wenyeji wakasema kunguni wamepungua sana. Niliposoma hilo nilicheka peke yangu dukani. Mnaotaka watu wamalize dozi zote tatu, wekeni malaria kando kidogo, anzeni na kunguni. Mtu aliyelala kwenye kitanda chenye kunguni hahitaji semina.

Sasa ile nusu ya balaa. Wakati wa korona, mwaka 2021, kulikuwa na wiki ambazo nilikuwa nikificha chupa chini ya kaunta. Watu walikuwa wamesoma kwenye simu kwamba ivermektini inatibu korona, na walikuja wamevaa barakoa kidevuni wakiomba ya ng'ombe kwa sababu ya watu haipatikani. Nilitukanwa. Niliambiwa nataka watu wafe ili niuze mahindi. Chanzo cha fununu kilikuwa majaribio ya maabara, seli kwenye vyombo, kwa viwango ambavyo damu ya mtu haiwezi kuvifikia kwa dozi ya kawaida. Jaribio kubwa la Brazili lililochapishwa 2022, likiwa na wagonjwa zaidi ya elfu moja, halikuona kwamba dawa hiyo inawaepusha watu kulazwa. Waliokuwa wakinitukana hawakurudi kulizungumza, na mimi sikuwafuata.

Narudia kwa maandishi: ya sindano ni ya mnyama. Chupa yangu ina miligramu 10 kwa kila mililita. Kijiko kimoja cha chai ni miligramu 50, zaidi ya mara mbili ya alichomeza mtu wa kilo 60 kule Kwale, na anayekunywa kwa kijiko haishii kijiko kimoja. Hicho kimiminika chenyewe kilichoibeba hakikutengenezewa tumbo la mtu. Kwa wasomaji wangu wa Kongo kuna la ziada. Sehemu za Afrika ya Kati zina mnyoo wa macho, Loa loa, na mtu aliye nao kwa wingi kwenye damu akipewa ivermektini anaweza kupata madhara mabaya ya ubongo. Huko hata ugawaji wa vidonge vya watu hufanywa kwa tahadhari. Pwani yetu mnyoo huo haupo.

Katika maswali yote niliyoulizwa, lililo bora lilitoka kwa mzee mmoja mwenye ng'ombe wa kutosha na meno machache. Alisikiliza hadithi yote ya Kwale, akasogeza kofia nyuma.

"Mwanangu, mbu haumi mtu peke yake. Usiku pale zizini wanavuma mpaka ng'ombe hawalali. Kwa nini hao watu wasiwadunge ng'ombe, watuache sisi na matumbo yetu?"

Mzee huyo hajafungua jarida hata moja maishani, na amegusa palepale watafiti wanapokuna vichwa. Anopheles arabiensis, mmoja wa mbu wa malaria huku kwetu, hunyonya ng'ombe na mtu bila kuchagua sana. Mwenzake Anopheles funestus hupenda mtu. Ukiwadunga ng'ombe unampata wa kwanza, wa pili anakucheka. Kule Mopeia kulikuwa na fungu ambalo watu na mifugo yao wote walitakiwa kupewa dawa, kwa sababu hiyohiyo ya mzee.

Nikamwambia, mzee wangu, wazo ni zuri, lakini ng'ombe hana choo.

Akaniangalia.

Mtu akimeza dawa, kitakachotoka kinaingia shimoni. Ng'ombe anadondosha malishoni. Na sehemu kubwa ya ivermektini aliyodungwa hutoka kwa njia hiyo, ikiwa nzima, ikiwa na nguvu zake, hasa siku za mwanzo. Anayeipokea hapo chini ni dundu.

Mkitaka kumwona dundu, njooni zizi lolote la huku baada ya mvua za kwanza. Mavi ya jioni hayajapoa, mara unasikia mvumo mzito, kitu kinajipiga ardhini puu, kinajiokota, kinaanza kazi. Wapo wanaochimba palepale chini ya mavi na kuyashusha shimoni. Wapo wanaokata pande lao, wakalisawazisha kwa miguu ya mbele mpaka likawa duara safi, wakapanda juu yake, wakazunguka pale juu mara moja, mbili, kama wanaotafuta kitu. Halafu hushuka, hugeuka kichwa chini, matako juu, na kulisukuma kwa miguu ya nyuma kinyumenyume, mbio, kwa mstari ulionyooka. Nimewahi kumwekea mmoja ukuni njiani. Aliupanda, akaanguka na mzigo wake, akapanda juu ya tufe akazunguka tena, akaendelea uelekeo uleule.

Mstari ulionyooka una sababu. Kwenye lundo la mavi kuna wezi, yaani madundu wengine ambao wangependa tufe lililokwisha kutengenezwa kuliko kutengeneza lao. Anayepinda hujikuta amerudi kulekule kwa wezi. Lakini usiku usio na mwezi huwa anajuaje kwamba hajapinda?

Marie Dacke na wenzake, kutoka Sweden na Afrika Kusini, walichapisha jibu mwaka 2013. Waliwavisha madundu vikofia vidogo vya karatasi ngumu vinavyowazuia kuona juu, na madundu wakapotea, wakawa wanazungukazunguka. Wengine waliwavisha vikofia vya plastiki angavu, wakaenda sawa, kwa hiyo kofia yenyewe haikuwa tatizo. Kisha wakawapeleka kwenye jumba la nyota la Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg, ukumbi wenye kuba ambako anga la usiku hurushwa kwa mashine. Wakawaweka katikati ya uwanja mdogo wa duara, wakapima muda wa kufika ukingoni. Walipowawashia anga zima lenye nyota, madundu walinyoosha. Walipowawashia Njia Nyeupe peke yake, ule ukanda wa mwanga hafifu unaokatiza angani, bado walinyoosha. Macho ya dundu hayana uwezo wa kuokota nyota moja moja hafifu, lakini ukanda mzima anauona, na unamtosha kujua upande. Kazi hiyo ilipewa tuzo ya Ig Nobel mwaka uleule, kwa biolojia na astronomia pamoja. Tuzo hiyo hutolewa kwa utafiti unaochekesha kwanza na kufikirisha baadaye. Mimi sikucheka. Nilitoka nje nikaangalia juu, na kwa bahati umeme ulikuwa umekatika Kaloleni nzima.

Mwaka 2021 watafiti wa kundi hilohilo la madundu walirudi na habari isiyopendeza. Waliwatazama madundu ndani ya Johannesburg, wakawalinganisha na wa shamba lenye giza. Waliokuwa wakiziona taa za majengo waliacha anga, wakazifuata taa. Kila mmoja alijiona ameshika njia yake, kumbe wote wanaelekea upande mmoja, kwa hiyo kutawanyika, ambako ndiko faida ya kazi yote, kukapotea. Huku kwetu upande wa Mombasa anga tayari halina giza usiku.

Basi dundu wetu tayari ana taa za kupambana nazo. Mwaka 2015 José Verdú wa Chuo Kikuu cha Alicante, Uhispania, na wenzake walionyesha kwamba ivermektini kwa kiasi kidogo kisichomuua dundu huweza kumpunguzia uwezo wa kunusa na nguvu za misuli. Anakuwa hai, ila hasikii harufu ya mavi vizuri na miguu haimtii. Viwavi vyake vilivyomo ndani ya tufe la mavi yenye dawa hali yao ni mbaya zaidi. Na dundu akikosekana mavi hubaki juu. Waaustralia wanalijua hilo: madundu wao wa asili walizoea kinyesi kikavu cha kangaruu, ng'ombe walipoletwa mavi yakarundikana, inzi wakajaa, na mwishoni mwa miaka ya 1960 ikabidi waanze kuachia madundu wa kigeni, wengi wa asili ya Afrika, waje wafanye kazi ambayo wetu huifanya bila kuajiriwa.

Ndiyo maana wazo la kudunga ng'ombe wote wa tarafa nzima kwa wakati mmoja, vuli inapoanza, linanitia wasiwasi. Mvua ileile inayowaleta mbu ndiyo inayowaamsha madundu ardhini waje kuzaliana. Ungepanga wiki mbaya zaidi ya kumwaga dawa malishoni, usingeipata nyingine. Sisemi isifanywe kamwe. Malaria inaua watoto, na dundu hata awe msoma nyota hafiki hapo. Nasema tu kwamba watakaolipanga jambo hilo wawe na mtu mezani wa kuhesabu mavi, na mtu huyo asiwekwe mwishoni kabisa mwa ajenda.

Na kwa sisi wafugaji, hatuhitaji kusubiri utafiti ili tuache uharibifu wa bure. Mnyama asiye na upele wala minyoo hahitaji sindano kwa sababu tu chupa imefunguliwa. Minyoo ya kondoo na mbuzi isiyosikia ivermektini imeripotiwa Kenya tangu miaka ya 1990, na kila sindano ya bure inaizidisha. Aliyedungwa abaki zizini siku za mwanzo ikiwezekana, mavi yake yakusanywe yalundikwe mahali pamoja. Maziwa na nyama fuateni lebo. Mimi nisipoulizwa huwa nasema, na nikisema huwa natazamwa vibaya.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho, hata habari za vikofia. Vikofia aliviuliza mara mbili.

"Kwa hiyo nisidunge?"

"Dunga wale watatu wenye upele. Wengine waache."

"Na hivyo vidonge vya Kwale mimi nitavipata wapi?"

Nikamweleza kwamba mpaka sasa Shirika la Afya Duniani halijaipendekeza ivermektini kwa malaria, na kwamba siku wakiipitisha vitaletwa kijijini na watu wa afya, havitauzwa kwangu. Kwa sasa chandarua, na homa ikija apimwe. Akasema chandarua anacho, kimefunika vifaranga. Tukabishana kidogo juu ya vifaranga. Mwishowe akachukua sindano za wale watatu na jiwe moja la madini, akadai bei ya mwaka jana.